Pambo la kula kwa jioni ya wawili: matunda, chokoleti, sukari au maua?

Umemaliza kupanga sahani saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwenzio kasema yuko njiani. Sasa "njiani" ya Dar es Salaam tunaijua wote: huenda ni dakika kumi, huenda amekwama Ubungo na hajui atachomoka lini. Pambo la kula hupimwa hapo. Kila kitu ni kizuri dakika unapokipiga picha. Swali ni kitakuwaje saa moja na nusu baadaye, feni inazunguka, mshumaa umefika nusu, ndipo mlango unagongwa.

Nimehangaika na mapambo ya namna hii jikoni kwangu kwa miaka kadhaa, nikaharibu mengi na kula mengi yaliyoharibika. Watu wakiniuliza lipi zuri zaidi, nami huwauliza maswali yaleyale manne.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni kazi: muda, vifaa, na kama mkono wako unahitaji mazoezi. Cha pili nakiita umri mezani, yaani pambo linaweza kukaa nje kwa muda gani kabla halijalegea, halijatoa maji au halijawa hatari kuliwa. Cha tatu ni mchezo. Pambo la jioni ya wawili lisiishie kutazamwa. Liwape la kufanya, la kubahatisha, la kuchekea. Na lazima liwe tamu, maana lililobaki sahanini asubuhi halikuwa chakula. Cha nne ni mtego: kile kinachoharibu kazi ya mtu asiyejua.

Gharama sikuipa nafasi yake. Bei ya embe ya Desemba na ile ya Juni ni vitu viwili tofauti, na chokoleti ya duka moja si ya duka la pili. Nitaigusa inapohusika.

Matunda ya kuchonga

*Kazi.* Ni kisu chenye makali, kibao, na nusu saa. Wataalamu wa Thailand huchonga tikiti zima likawa shada la maua, lakini wewe huhitaji kufika huko. Kuna vitu vitatu ambavyo mtu yeyote anaviweza. Waridi la nyanya: chukua nyanya ngumu, menya ganda lake kwa ukanda mmoja mrefu wa upana wa kidole bila kuukata, halafu uviringishe taratibu kama unakunja mkeka. Gamba la kasa: kata shavu la embe kando ya kokwa, chora miraba kwa ncha ya kisu bila kutoboa ganda, kisha lisukume ligeuke nje. Na moyo wa tikiti: vipande vya unene wa sentimita mbili na kibati cha kukatia biskuti. Mabaki yanakwenda kwenye juisi.

*Umri mezani.* Hapa ndipo matunda yanaposhindwa. Tunda lililokatwa lisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, lisizidi saa 1. Februari mjini Dar es Salaam au Mombasa joto hufika hapo bila shida. Nairobi una nafuu kidogo. Ndizi na tufaa huwa vyeusi mapema zaidi. Ndimu huchelewesha weusi huo, haiuzuii. Tikiti nalo hulia. Tandika jani la mgomba chini yake, na chumvi au sukari uinyunyize dakika ya mwisho kabisa, kwa sababu zote mbili huvuta maji.

*Mchezo.* Embe na chumvi ya pilipili tumekula tangu tukitoka shule, na hata leo inamfanya mtu mzima afumbe jicho moja. Weka embe bichi na embe bivu sahani moja, mfunge mwenzio macho kwa leso, abahatishe. Ongeza papai, nanasi, tango. Akikosea, zamu yako.

*Mtego.* Kisu butu, ndicho kinachokata vidole. Na kuchonga kupita kiasi: kipande kilichoshikwashikwa dakika ishirini hakitamanishi tena, hata kikiwa na umbo la njiwa.

*Kinamfaa nani.* Mtu anayejua kwa hakika mgeni wake anafika saa ngapi, au anayeishi naye nyumba moja. Pia mtu asiyependa vitu vitamu sana.

Chokoleti

*Kazi.* Inaonekana rahisi, na hapo ndipo inapokudanganya. Kuyeyusha si tatizo: bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, na kitako cha bakuli kisiguse maji. Tatizo ni kuigandisha irudi kung'aa na kukatika kwa mlio. Siagi ya kakao hugandia katika maumbo mbalimbali, na ni moja tu tunalolitaka. Ukiyeyusha na kuiacha igande yenyewe, inatoka na madoa meupe na inalainika ukiigusa.

Njia isiyotaka kipimajoto ni hii: gawa chokoleti mafungu matatu. Yeyusha mawili, ondoa motoni, kisha tia la tatu likiwa limekatwakatwa, ukoroge mpaka liyeyuke kwa joto lililobaki. Chovya ncha ya kisu. Ikikauka baada ya dakika chache na kung'aa, iko tayari. Mwenye kipimajoto, ile nyeusi alenge nyuzi 31 hadi 32 wakati wa kuitumia.

Ikiwa yote haya yanakuchosha, soma nyuma ya pakiti. Zipo zilizotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao. Hizo huganda bila masharti. Ladha yake iko chini, sitakuficha. Lakini kwa kuchora mioyo na majina juu ya karatasi ya kuokea zinatosha, na fedha uliyookoa ukanunulie kipande kidogo cha chokoleti nzuri cha kula baadaye. Kakao yenyewe wala haitoki mbali, Kyela wanailima.

*Umri mezani.* Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, na chokoleti huanza kulegea kabla ya hapo. Ndiyo maana huyeyuka mdomoni. Ndiyo maana pia huyeyuka mezani kwako. Mwaka mmoja nilichora mioyo kumi na miwili, nikaipanga kwenye friji, umeme ukakatika alasiri. Saa mbili usiku tulikuwa na bakuli moja la mchuzi wa kahawia. Mume wangu akachungulia, akasema mioyo imemtangulia kuyeyuka. Tuliuchovyea mkate, na kusema kweli ulikuwa mtamu.

Kwenye sehemu zenye baridi, Lushoto, Limuru, Mbeya, au pwani Julai ukiwa na bahati, chokoleti inakaa jioni nzima. Pwani Februari, itoe friji mgeni akiwa ameshakaa. Ikitoka kwenye baridi kali inatoka jasho. Ifunike mpaka baridi yake ipungue kidogo.

*Mchezo.* Kuchovya pamoja kunashinda kukuta vimechovywa. Weka bakuli la chokoleti ya moto katikati, vijiti vya mshikaki, ndizi kisukari, stroberi ukizipata, vipande vya nazi mbichi, hata vileja. Anayeangusha kipande ndani ya bakuli anadaiwa: atasimulia jambo ambalo hajawahi kulisimulia.

*Mtego.* Tone la maji. Tunda lenye unyevu, kijiko kilichotoka kuoshwa, mvuke uliodondokea bakulini: chokoleti inakaza ghafla na kuwa chengachenga. Ikikutokea usiitupe. Ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo ukikoroga, itageuka sosi. Kugandisha mioyo hapo ndiyo sahau.

*Kinamfaa nani.* Mwenye friji ya kuaminika au hali ya hewa ya baridi. Na wapenzi wanaopenda kufanya kitu kwa mikono kuliko kupokea kilichokwisha.

Sukari iliyopikwa: kashata, visheti na kawa ya sukari

Nakiri nina upendeleo hapa, kwa hiyo soma kwa tahadhari.

*Kazi.* Kuna ngazi tatu. Ya chini ni kashata ya nazi. Vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe cha maji, iliki. Chemsha mpaka tone lake ndani ya maji baridi lifanye kidonge laini, kama nyuzi 115. Tia vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, koroga mpaka iachane na sufuria, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Gawa nusu uitie rangi ya waridi, uilaze juu ya nyeupe. Ikiwa bado vuguvugu kata kwa kibati cha moyo. Ukisubiri ipoe, inavunjika. Makombo ni haki ya mpishi.

Ngazi ya kati ni visheti vya herufi, na hili ndilo pambo ninalolipenda kuliko yote. Kanda unga wa ngano kwa samli na tui, uwe mgumu kiasi. Badala ya kukata maumbo ya kawaida, viringisha kamba za unene wa penseli, uandike: N-A-K-U-P-E-N-D-A. Herufi tisa. Matundu ya A, P na D uyafanye makubwa, maana unga ukivimba kwenye mafuta unayaziba. Kaanga kwa moto wa wastani, na kila herufi kaanga mbili kwa sababu moja itavunjika. Shira yake usiikoroge pamoja na herufi kama ufanyavyo visheti vingine. Zipange kwenye wavu, mwagia kwa kijiko, geuza, mwagia tena, acha sukari ikauke iwe nyeupe.

Ngazi ya juu ni kawa ya sukari, yaani kifuniko cha chakula kama kile cha ukili, ila cha sukari. Kikombe cha sukari, robo kikombe cha maji, matone ya limau ili isirudi chenga. Pika bila kukoroga hadi iwe rangi ya asali. Geuza upawa, upake mafuta mgongoni, kisha dondosha nyuzi za sukari kwa uma, huku na huku, mpaka upate wavu. Subiri ikauke, izungushe polepole, iachie. Una kawa ndogo inayopitisha mwanga wa mshumaa, ya kufunikia kaimati mbili.

*Umri mezani.* Visheti na kashata ni wazee wa heshima. Ndani ya bati lililofungwa vizuri visheti hukaa siku nyingi; kashata ya nazi huwahi kwisha kwa sababu nazi huchacha, ila siku mbili tatu haina wasiwasi. Mwenzio akwame Ubungo mpaka saa nne, herufi zako zitamsubiri. Kawa ya sukari ni kinyume chake kabisa. Sukari ya namna ile hunyonya unyevu wa hewa, na pwani hewa yenyewe ni nusu maji. Inaanza kunata, halafu inainama kama mtu aliyesinzia. Itengeneze mgeni akiwa anaoga au anazungumza na simu, siyo kabla.

*Mchezo.* Changanya herufi tisa sahanini, mwache azipange mwenyewe. Akishasoma, kula kunaanza, na kila mla anabadilisha maneno. Ukila N na A za mwanzo imebaki KUPENDA. Ukila K na U, PENDA. Mwenye papara akiidaka P, mezani panasomeka ENDA, na hapo mtu anatakiwa kujieleza. Kawa nayo ina mchezo wake mmoja: haivunjwi bila kupiga hodi. Mgeni agonge kwa kijiko, aseme hodi, asubiri karibu. Mwenyeji ana haki ya kunyamaza mara mbili.

*Mtego.* Moto. Sukari ya rangi ya asali ina joto linalozidi nyuzi 150, na tofauti na maji, hushikilia ngozi. Usiionje kwa kidole, hata kwa utani, na usiipike huku umevaa gauni lako la jioni. Ukiungua, maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Dawa ya meno iache bafuni.

Mtego wa pili ni utamu kuzidiana. Visheti, kashata na kaimati pamoja kwenye meza moja ni arusi ya watu mia. Chagua kimoja, uweke na kahawa chungu.

*Kinamfaa nani.* Mwenye siku nzima kabla, asiyejua mgeni anafika saa ngapi, au anayetaka kumtumia mpenzi aliye mbali. Herufi zilizofungwa vizuri kwenye bati zimewahi kupanda basi kutoka kwangu hadi Dodoma. Zilifika nane, na E ikiwa vipande viwili.

Maua yanayolika

*Kazi.* Waridi la sukari: chuma petali, kata kile kipande cheupe cha chini kwa kuwa ni kichungu, paka ute wa yai kwa brashi pande zote, nyunyizia sukari laini, laza juu ya wavu usiku kucha. Masika pwani hazikauki. Zipe joto dogo la oveni huku mlango ukiwa wazi. Rahisi zaidi ni choya (rozela): loweka ua kavu, lichemshe dakika chache ndani ya shira nyepesi, lidondoshe kwenye glasi na soda baridi juu yake. Linafunguka chini ya glasi, jekundu.

*Umri mezani.* Petali zilizokauka hudumu zikifungwa vizuri. Choya ndani ya shira yake hukaa friji siku kadhaa, na ikiwa glasini haina haraka.

*Mchezo.* Mdogo, ila mzuri: la glasini haliliwi mpaka kinywaji kiishe, na anayemaliza wa mwisho analichukua la mwenziwe. Ladha ya choya ni ukali unaoamsha ulimi. Petali ya waridi ina harufu zaidi ya ladha.

*Mtego.* Huu ndio mzito kuliko yote ya makala hii. Waridi la muuza maua si chakula. Yale ya mashambani Naivasha hulimwa kwa ajili ya chombo cha maua, hupuliziwa dawa zisizokusudiwa kwa kitu kitakacholiwa, na kuyaosha hakutoshi. Tumia la uani kwako ambalo unajua halikupuliziwa chochote. Na si kila ua zuri linaliwa: mnanaha (datura) ni sumu, oleanda ni sumu, hata kando ya chakula usiyaweke. Ukiwa huna uhakika na ua, liache mtini. Marashi ya mawaridi nayo, soma chupa. Mengine ni ya mwilini, hayakutengenezwa kuliwa. Ute mbichi wa yai usimpe mjamzito. Badala yake, shira nzito iliyopoa inashika sukari vilevile, ingawa petali huwa nzito kidogo.

Asumini? Pwani asumini ina nafasi yake tangu zamani, ndani ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, pamoja na waridi na mrehani, kwenye nguo, kwenye nywele, juu ya mto. Kazi yake ni harufu, nayo inaifanya vizuri kuliko pambo lolote nililolitaja. Iweke chumbani, sahanini weka kingine.

*Kinamfaa nani.* Mwenye bustani, na mwenye mpenzi asiyejali vitamu sana lakini anajali macho na pua.

Na wasio na muda: tende

Toa kokwa, jaza korosho au lozi au kipande cha kashata, funga. Dakika kumi na tano, hakuna moto, hakuna friji, hukaa jioni yote bila kubadilika. Kwa mchezo, tengeneza saba, na moja uijaze pilipili na ndimu. Wote wawili mle bila kujua iko wapi. Sura yake si ya kuvutia, hilo nalikubali, ila kicheko chake hakijawahi kuniangusha.

Sasa, kulingana na hali yako

Hujui mgeni anafika saa ngapi: visheti vya herufi au tende. Matunda yaache mazima ndani ya friji, uyakate akiwa amefika. Mwite jikoni akushikie kibao.

Mnaishi pamoja na jioni inaanzia nyumbani: chokoleti ya kuchovya, au matunda na leso ya macho. Hakuna cha kumshangaza, kwa hiyo mpe kazi.

Pwani, Februari, umeme si wa kutegemea: achana na mioyo ya chokoleti. Kashata ya rangi mbili na glasi ya choya vinatosha. Uko nyanda za juu, geuza orodha: chokoleti ije mbele, na kawa ya sukari pia itakuvumilia zaidi siku ambayo hewa ni kavu.

Mwenzio ana kisukari: muulize kwanza anakula nini na kiasi gani, usimfanyie maamuzi. Waridi la nyanya, feni za tango, karoti iliyokatwa nyota na korosho za kukaanga ni meza kamili, na mchezo wa kufumba macho unafanya kazi vilevile. Kuhusu korosho, karanga na lozi, uliza hata kama mmefahamiana mwaka mzima. Mzio si jambo la kugundua baada ya saa mbili usiku.

Ndiyo mara ya kwanza mnakutana kula: usiandike NAKUPENDA. Andika KARIBU. Herufi sita, zikikaangwa mbilimbili ni kumi na mbili, na unga kidogo unabaki.